Noti Zote Zipo, Muziki Haupo: Kutafuta Kasoro ya Mguso Unapojifunza Piano Peke Yako

Jirani yangu wa hapa Migosi, Kisumu, mama anayeuza omena soko la Kibuye, ndiye aliyeitaja kasoro yangu kabla sijaijua mwenyewe. Nilikuwa na miezi minne nikijifunza piano ya klasiki peke yangu, jioni baada ya kazi, na nilijiona nimefika mbali: noti nasoma, vidole vinaenda panapotakiwa, kipande kizima namaliza bila kukwama. Alikuja kurudisha sufuria, akasimama mlangoni kidogo, akasema, "Binti yangu, nakusikia kila siku. Noti zako zote zipo. Lakini mbona kama mtu anatwanga?"

Mama huyo hajawahi kugusa piano, ila ameimba kwaya miaka mingi, na alikuwa amesikia sawasawa. Haya nimeyaandika kwa mwenzangu wa Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru ambaye hana mwalimu wa piano karibu, anacheza noti sahihi, na bado anahisi kuna kitu hakitoki. Tutaenda dalili kwa dalili. Kabla ya hapo kuna jambo moja la kuelewa, kwa sababu tiba nyingi zilizo hapa chini zinatoka humo.

Ndani ya piano kila kitufe kinarusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa. Kitufe chenyewe kinashuka kama milimita 10 tu. Kabla hakijafika chini kabisa, nyundo inaachiliwa: inamalizia mwenyewe kipande kidogo kilichobaki, inagonga nyuzi, inarudi. Kuanzia hapo huna mamlaka tena juu ya ukubwa wa sauti ile. Ukikandamiza kitufe, ukitetemesha kidole, ukiinamia piano kwa uchungu, sauti haisikii. Kilichoiamua ni kasi ya nyundo ilipoachiliwa, na kasi hiyo ilitokana na jinsi kitufe kilivyoshuka. Umebakiwa na uamuzi mmoja tu: lini uiache noti inyamaze.

Kwa hiyo mguso ni safari ya kwenda chini na wakati wa kuachia. Mimi nilipoteza wiki nyingi nikikandamiza vitufe vilivyokwisha kufika chini, nikidhani ndiyo hisia.

Lugha nayo inaweza kumpotosha anayeanza. Kwa Kiswahili tunapiga piano, na Wajaluo wanasema goyo nyatiti, kupiga nyatiti, chombo chao cha nyuzi. Lakini tunapiga pia simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, na hakuna kinachogongwa hapo. Lichukue neno hilo hivyo hivyo.

Sauti ni ile ile, niguse polepole au kwa nguvu

Anza na mashine kabla hujajilaumu. Chagua kitufe kimoja cha katikati, kipige mara kumi, cha kwanza kama mnong'ono, cha kumi kwa nguvu zako zote. Sauti zote kumi zikilingana, tatizo haliko mkononi mwako.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni sauti uliyochagua. Wengi wetu tumeanzia kibodi ya kanisa yenye vitufe 61, na tumezoea kuiweka kwenye ogani. Sauti ya ogani kwa kawaida haijali umegusaje. Iko au haipo. Weka sauti ya piano, ujaribu tena. Pili, ingia kwenye mipangilio utafute mahali palipoandikwa Touch. Pakiwa pamezimwa, au pamewekwa kiwango kimoja kisichobadilika, washa na uweke katikati. Tatu, huenda kibodi yenyewe haina uwezo huo kabisa, kama zilivyo zile ndogo za watoto. Hiyo haitibiki. Kibodi inayosikia mguso ina swichi mbili au zaidi chini ya kila kitufe, inapima muda unaopita kati ya ya kwanza na ya pili, na kutoka hapo inajua ulishuka kwa kasi gani. Kama swichi ni moja, hakuna cha kupima.

Usione hili ni jambo dogo la mafundi. Piano ilizaliwa kwa sababu hiyo hasa. Bartolomeo Cristofori alipoitengeneza huko Firenze, Italia, karibu mwaka 1700, vinanda vya nyuzi vilivyokuwa vimeenea vilidonoa nyuzi kwa nguvu karibu ile ile, mchezaji afanye nini. Chombo chake kikaitwa kwa uwezo wake mpya, "piano e forte", laini na kwa nguvu. Ukijifunzia kwenye kibodi isiyotofautisha, unajifunza chombo kingine.

Kama unaweza kupata ya vitufe 88 vyenye uzito, ipate, hata ya mitumba. Kama huwezi, ile ya 61 inayosikia mguso itakutosha kwa vipande vingi vya mwanzo. Kitufe cha piano ya kweli kinahitaji uzito wa takribani gramu 50 kushuka polepole, kama yai dogo la kuku. Cha kibodi nyepesi kinahitaji chini ya hapo, basi siku utakayokutana na piano ya kweli vidole vitashtuka kidogo. Vitazoea.

Kuna sababu ya nne ambayo watu hawaifikirii: kile kirungu cha kuongeza sauti. Ukiweka sauti chini sana ili usisumbue plot nzima, utajikuta unagonga ili ujisikie. Ukivaa hedifoni zilizofunguliwa hadi mwisho, utacheza kwa woga kama mtu anayetembea juu ya mayai. Tafuta mahali ambapo mguso wako mwepesi kabisa unasikika bila kutega sikio na ule mzito unakaribia kukera. Weka alama ya kalamu hapo na usiguse tena. Sikio lako halitajifunza kipimo kinachobadilika kila jioni.

Ninapotaka kucheza kwa upole, noti nyingine hazitoki

Hapa mara nyingi ni hofu. Unataka upole, kwa hiyo unashusha kitufe polepole mno, nyundo inakosa kasi ya kufika kwenye uzi, na mahali pa noti pakawa kimya. Jaribu hili ukipata piano ya nyundo: shusha kitufe polepole kiasi kwamba hakitoi sauti. Karibu na chini utahisi kikwazo kidogo, kama kitufe kimepanda kijiti na kukivuka. Pale ndipo nyundo inapoachiliwa. Fanya hivyo kwa kila kidole mara kadhaa, kisha ongeza kasi kidogo tu mpaka sauti ianze kuchungulia. Hiyo ndiyo sauti yako ndogo kabisa, na sasa unajua inakaa wapi.

Kosa la pili ni kucheza kwa upole kutoka juu. Kidole kikianguka kutoka sentimita tatu hewani, huwezi kujua kitatua kwa kasi gani. Kiweke kwanza juu ya kitufe, kikiguse, kisha kishuke. Upole unahitaji kidole thabiti chenye uhakika. Kidole kilicholegea hutoa noti tatu nzuri na ya nne inapotea.

Kama ni kitufe kile kile kila mara, shuku chombo.

Noti moja moja inachomoza katikati ya mstari

Cheza skeli, noti zikipanda na kushuka kwa mfuatano, ukiwa umefumba macho na usikilize ni kidole gani kinachopiga kelele. Mara nyingi ni kidole gumba. Vidole vingine vinashuka kutoka kwenye kifundo chao, lakini gumba kikiachwa huja na mkono mzima. Ukiona kiwiko kinaruka kila kinapopita chini ya kiganja, umepata chanzo. Mpeleke gumba mapema, angali vidole viwili nyuma, ili akifika zamu yake awe amekwisha kukaa juu ya kitufe chake.

Zikichomoza noti nyeusi, mara nyingi ni kwa sababu mkono umekaa nje ukingoni, halafu inapokuja nyeusi unarukia ndani. Sogeza kiganja mbele kabla ya kuhitajika. Kwetu sisi wa kanisani hili lina mzizi mrefu: tumejifunza kii moja, yaani noti moja ya msingi ya kuanzia wimbo, kwa wengi ni C, na nyimbo nyingine zote tunazihamisha kwa kitufe cha transpozi. Vidole havijawahi kuishi kati ya vitufe vyeusi. Kwa ibada transpozi ni msaada na sitamlaumu mtu. Kwa piano ya klasiki, izime. Piano ya nyundo haina kitufe hicho.

Mkono wa kushoto unafunika wimbo

Hii ndiyo dalili iliyomfanya jirani yangu aseme alichosema, nami nitakaa hapa zaidi, kwa maana ndipo nilipobadilika.

Kanisani mkono wa kushoto una kazi halali. Unashika besi, unashindana na ngoma, unawaweka watu mia moja kwenye mdundo mmoja. Unapigwa kwa uzito na unapaswa kupigwa hivyo. Sasa unafungua kipande cha klasiki cha anayeanza: wimbo uko kulia, kushoto kuna kordi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za kusindikiza tu. Mkono haujui umehama. Unaendelea na kazi yake ya Jumapili.

Kipimo ni rahisi. Mwombe mtu aliye jikoni asikilize, kisha avumishe wimbo aliousikia. Asipovumisha kitu, au akavumisha besi, umepata jibu.

Kipande kilichonifundisha ni Prelude, kipande kifupi cha piano, ya mtunzi Chopin katika E ndogo, ya 4 katika mkusanyiko wake wa Opus 28 uliotolewa mwaka 1839. Sikitaji kwa sababu ni maarufu. Nakitaja kwa sababu kinakuweka uso kwa uso na tatizo hili bila pa kujificha. Kwa macho ni chepesi: mkono wa kulia una noti ndefu moja na fupi moja, wa kushoto unarudia kordi nane katika kila bari, yaani kila fungu la mapigo manne. Kwa sol-fa, ile do, re, mi ya kwaya, bari tatu za mwanzo kulia ni mi inayovutwa mapigo matatu, kisha fa ya pigo moja, mi, fa, mi, fa. Basi. Lakini ile mi ikishapigwa inaanza kufa papo hapo, kama uzi wa nyatiti uliodonolewa, na chini yake kuna kordi sita zinazopita kabla fa haijafika. Kushoto kukiwa na uzito hata kidogo, kufikia kordi ya tatu mi imezikwa.

Tiba ilikwenda hivi, na ilinichukua zaidi ya mwezi.

Niliuimba kwanza mkono wa kulia kwa sol-fa. Wengi wetu huku magharibi mwa Kenya tulijifunza sauti zetu za kwaya kwa sol-fa, na kama wewe ni mmoja wao, una mali ambayo wanafunzi wengi wa piano hawana. Nikaimba kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo huku mkono wa kushoto peke yake ukicheza kordi. Sharti ni moja: usilazimike kupaza sauti. Ukiona koo linakaza, kushoto ni kuzito. Punguza mpaka uimbe kwa raha. Siku ya kwanza nilishangaa jinsi kordi zilivyotakiwa kuwa ndogo.

Kisha mkono wa kulia ukacheza kwa sauti kamili, na wa kushoto ukagusa tu uso wa vitufe bila kuvishusha, kwa mdundo sahihi. Hilo linaitenganisha mikono akilini; mmoja unafanya kazi, mwingine uko pale pale na hausemi. Baada ya siku chache ruhusu wa kushoto kushuka kidogo, zitoke noti zitakazotoka. Nyingine zitapotea. Ziache zipotee kwa wiki hiyo. Ni rahisi zaidi kumrudisha mtu aliyenyamaza mno kuliko kumnyamazisha anayepayuka.

Kwa kordi zinazorudiwa, vidole visiondoke kwenye vitufe. Acha kitufe kiinuke kiasi cha nyundo kujiandaa tena, kisha kishuke. Piano ya wima, ile ya kusimama ukutani, inataka kiinuke zaidi kabla ya kurudia kuliko ile kubwa ya kulala, kwa hiyo pima kwa chombo chako. Ukivinyanyua vidole hewani kati ya kordi na kordi, utapata mlio wa kubisha hodi mara nane kwa kila bari.

Sikiliza sasa ile mi ndefu mpaka mwisho wake. Hili ndilo zoezi gumu kuliko yote, na halitumii kidole hata kimoja. Fuata sauti inavyopungua mpaka pigo la nne, kisha weka fa kwa ukubwa ule ambao mi imefikia, si ule ilioanza nao. Ukiweka fa kwa nguvu ya mi ya mwanzo, itachomoza kama mtu aliyeingia msibani akicheka. Ukiiweka pale mi ilipoishia, zinaungana na msikilizaji anasadiki kwamba piano imeimba. Haijaimba. Nyundo mbili zimegonga nyuzi kwa nyakati mbili. Uunganisho umefanywa na sikio lako.

Siku noti hizo mbili ziliposhikana kwa mara ya kwanza niliinuka kitini nikazunguka chumba.

Tatizo hili lina mdogo wake: wimbo ukiwa juu ya kordi katika mkono huo huo. Kidole kidogo, ambacho ndicho dhaifu, kinapewa kazi ya kuimba, huku gumba na cha kati vinasindikiza. Chukua kordi ya noti tatu. Piga ile ya juu kwa sauti nzuri, na baada yake tu hizo mbili kwa unong'ono. Rudia, ukipunguza pengo kati yake hadi zitoke pamoja. Uzito wa kiganja uegemee kidogo upande wa kidole kidogo, na kidole hicho kiwe kimesimama imara. Usikipige kwa nguvu ya peke yake. Kipe mkono wa kukiegemea. Dakika tano kwa siku, kordi moja, inatosha.

Wimbo unasikika, lakini unakwenda kama mtu anayesoma orodha ya majina

Mikono imesawazika, noti zinaungana, na bado hakuna maana. Kila noti ina uzito sawa na mwenzake.

Hapa nilisaidiwa na Kiswahili chenyewe. Sema "karibuni". Uzito umekaa kwenye "bu", na "ni" inashuka kwa utulivu. Sema "mama": silabi ya kwanza nzito, ya pili nyepesi. Hakuna Mswahili anayetamka "mama" akigonga silabi ya mwisho. Sasa tazama noti mbili zilizounganishwa kwa upinde kwenye karatasi ya noti, zimejaa katika muziki wa karne ya 18. Cheza "mama". Mkono unashuka na noti ya kwanza, unainuka na ya pili, kifundo cha mkono kikiongoza juu. Ni mwendo mmoja wenye noti mbili ndani yake.

Sentensi ndefu za muziki hazifuati kanuni hiyo kila mara, lakini nyingi zina noti moja zinakoelekea, na baada yake zinapumua. Itafute kwa kuimba. Minueti katika G kubwa, muziki wa dansi ya zamani, ile ambayo karibu kila anayeanza huipitia, imo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena Bach na kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya mumewe, mtunzi Johann Sebastian Bach; mtunzi wake ni Christian Petzold. Inaanza so, do-re-mi-fa, so, do, do. Wanaoanza wengi huzigonga zile do mbili za mwisho kama misumari miwili. Ziimbe. Utaona koo lako halikubali. Linakwenda kwenye so, kisha do hizo zinakuwa nyepesi, za kucheza dansi. Iache mikono ifuate koo.

Penseli ni muhimu hapa. Weka alama ya pumzi kila unapovuta pumzi ukiimba, kama mwalimu wa kwaya anavyotuwekea. Karatasi za noti za watunzi wa zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, kwa hiyo chapisha nakala ya kuchorachora. Ila angalia toleo: matoleo mengine yamejazwa mipinde na wahariri wa baadaye, na mwingine hakuimba kama wewe.

Sauti zinachafuka

Pedali ni kile kikanyagio kinachoziacha noti ziendelee kulia hata ukiinua kidole. Kama sauti inaendelea kulia unapoinua mguu na kukatika unapokanyaga, pedali yako imegeuka. Kwenye kibodi nyingi hutokea ukichomeka pedali wakati mashine imeshawashwa, au ukiwasha huku umeikanyaga. Zima, acha pedali ikiwa imechomekwa na mguu ukiwa mbali, kisha washa. Ikikataa, pindua pedali uangalie kama chini yake kuna swichi ndogo ya kugeuza. Hakuna haja ya fundi.

Kama pedali ni nzima na bado kuna ukungu, chanzo ni wakati wa mguu. Tunaanza kwa kukanyaga pamoja na kidole, na hapo ndipo sauti ya zamani inapobebwa ndani ya mpya. Mguu unatakiwa kuinuka kidole kinaposhuka, na kukanyaga tena baada ya noti mpya kusikika. Mkono chini, mguu juu. Chukua kordi nne za polepole, hesabu nne kwa kila moja: "moja" piga kordi na inua mguu, "mbili" kanyaga. Kwa siku mbili utahisi mwili unakataa.

Na ile minueti icheze bila pedali kabisa. Pedali inaficha vidole ambavyo havijajifunza kuungana, nawe hutajua mpaka uiondoe.

Mkono unauma, au unachoka baada ya dakika kumi

Angalia kiti. Kiti cha plastiki ni kifupi kwa watu wengi, na kibodi iliyowekwa juu ya meza ya kulia iko juu mno. Vikikutana, mabega yanapanda na vifundo vinakunjika. Kaa, teremsha mikono, kunja viwiko. Mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ulale karibu sawa na sakafu ukiwa juu ya vitufe. Ongeza mto mgumu au ubao juu ya kiti mpaka ufike hapo. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini.

Uchovu wa misuli hupita. Maumivu makali, ganzi au mchomo vidoleni ni jambo lingine: acha siku hiyo hiyo, na vikirudi nenda ukaonwe hospitali. Hakuna kipande kinachostahili mkono wako.

Nyumbani inatoka vizuri, ukumbini inaharibika

Piano ya mbao iliyokaa ukumbini Kisumu inaishi na unyevu wa ziwa, na zaidi kuanzia Machi hadi Mei mvua ndefu zikinyesha. Mbao na vitambaa vya ndani vinavimba. Kitufe kinashuka na kuchelewa kupanda, na noti yako laini inakosekana ingawa nyumbani ilikuwepo. Kabla ya kucheza, pita kwenye vitufe vyote polepole ukiangalia kipi kinasuasua. Ukivijua utavipa kasi kidogo zaidi. Usimimine wala usipulizie mafuta ya aina yoyote. Vitambaa vinayanywa na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hiyo ni kazi ya fundi wa piano. Kinachowezekana kwa wenye ukumbi ni kuisogeza mbali na dirisha na ukuta unaovuja. Nakuru, kule juu kwenye ukavu wa Januari na Februari, mbao husinyaa na unaweza kukuta vitufe vinalegea na kuchezacheza.

Halafu kuna ukumbi wenyewe. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti. Punguza pedali na mwendo kidogo, na uache mwisho wa kila sentensi uzime kabla ya kuanza nyingine. Ukipata dakika tano kabla watu hawajaingia, usizitumie kupitia sehemu ngumu. Cheza noti moja, usikilize inachukua muda gani kufa.

Nikijirekodi sisikii tofauti yoyote

Ni kweli huenda huisikii, na si kosa lako. Simu nyingi husawazisha sauti zenyewe zinaporekodi: penye unong'ono zinaongeza, penye nguvu zinapunguza. Umefanya kazi wiki nzima kukuza sauti kutoka chini hadi juu, na simu imeipiga deki yote. Iweke mita mbili au tatu mbali na usicheze moja kwa moja kuielekea. Kama programu yako ina sehemu ya kuzima usawazishaji huo, izime. Kama piano yako ya umeme inarekodi ndani yake yenyewe, tumia hiyo. Na ukisikiliza rekodi ya simu, sikiliza vitu ambavyo haiwezi kuvificha kirahisi: je, wimbo uko juu ya kordi? Kuna noti iliyochomoza? Sentensi zinapumua?

Stima imepotea

Usifunge kifuniko. Vitufe vyenye uzito vinashuka vile vile bila umeme. Washa mshumaa au tochi ya simu, cheza kipande chako kimya, polepole, na uimbe mkono wa kulia kwa sol-fa huku vidole vikishuka. Kwa kuwa hakuna sauti ya mashine ya kukusaidia, utajua mara moja ni wapi ulikuwa hujui wimbo unakwenda wapi. Koo litasita pale pale. Mimi nilipata hivyo bari ya 9 hadi ya 12 ya ile Prelude, usiku mmoja wa mvua, baada ya wiki mbili za kuzikosa taa zikiwaka. Stima ikirudi, imba mstari huo hadi mwisho kwanza, ndipo uwashe.